Saa Tatu, Saa Tisa

Ukumbi ni wa mpira wa kikapu.
Madawati mia na ishirini juu ya mistari ya rangi,
langu, namba sabini na tatu, limekanyaga mstari wa adhabu.
Nilicheka peke yangu. Hofu haikucheka.

Usiku kucha nilibandika nukuu:
mlango wa friji, kioo cha bafu,
kopo la majani ya chai.
Thelathini. Kulipokucha zimebaki mbili,
na moja sina hakika ni ya nani.

Mama alitoka zamu ya usiku saa moja na nusu,
viatu vya hospitali mkononi, asiwaamshe wa chini,
akanikuta kwenye ngazi na sare yangu,
tumbo limejipiga fundo.
Hakuniambia usiogope. Mama hatoi maneno ya bure.
"Mtihani saa ngapi?"
"Tisa."
"Tisa ya nani?"
"Ya kwao."
"Basi saa tatu," akasema, akitundika koti.
"Kumbe bado mapema."

Nje, Sheffield inamwaga manyunyu yake ya Juni,
tramu inakwaruza ikipanda kilima.
Ndani, viatu vya mpira vya Bi Openshaw
vinalia kwi, kwi, kati ya safu;
kila akinipita nahisi nimeiba kitu.

Mnaweza kufungua.
Karatasi mia na ishirini zikapinduka pamoja,
njiwa waliotupiwa jiwe.

Shairi tusilolijua:
mtu ameondoka, koti lake limebaki nyuma ya mlango.
Mshairi anaiwasilishaje huzuni?
Dakika arobaini na tano.

Mstari wa kwanza niliusoma mara nne
na mara zote nne ulikuwa ukuta.
Vidole vikawa vya mtu mwingine.
Mbele yangu Imogen Tasker
keshanyoosha mkono, anataka karatasi ya ziada.
Ya ziada!
Mimi hata jina langu nimelikosea herufi.

Nikatazama saa ya ukutani. Tisa na robo.
Nikaigeuza kichwani. Tatu na robo.
Na kati ya tatu na tisa
mna saa sita asizozijua msimamizi yeyote,
hazimo kwenye ratiba, hazina kengele.
Nikaingia humo.

Humo Mama anapiga pasi sare ya kesho
akihesabu mizani kwa kugonga ubao:
nane, vuta pumzi; nane, itoe.
Pembeni mwa karatasi nikagonga, nikaandika:

     Moyo wangu usifure, karatasi si jabali,
     Pumua kwanza si bure, pumzi ndiyo awali,
     Dakika zisikupore, neno lako ndilo mali,
     Anza hapo, usigure, mbele utaona mbali.

Kisha nikaukata ubeti kwa mistari miwili,
kama sheria inavyotaka: rasimu zote zifutwe.

Ndipo nikaliona koti.
La bluu, mfuko wa kulia umetobolewa na funguo,
linanuka dawa ya sakafu,
na kwa dakika chache kila asubuhi
mabega yake hubaki yameinama
kama bado yuko ndani.
Nikaandika: Mshairi haiiti huzuni kwa jina.
Anauacha mfuko useme.

Sitadai nilishinda.
Nukuu ya tatu haijarudi hadi leo.
Swali la mwisho nililiandika kwa mwandiko wa kuku,
na nilikuwa katikati ya sentensi,
*na ndiyo maana mlango*,
Bi Openshaw aliposema, kalamu chini.

Nikaimalizia kwenye tramu,
kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili.
Ajuza mmoja mwenye kigari cha sokoni
akanitazama midomo,
akakivuta kigari upande wake
nipate kukaa.